Kituo Kidogo, Unanipata?

Mtu akinipigia simu akaanza na "haloo, haloo, haloo" mara saba bila kuningoja nijibu, damu inanichemka. Mimi nimelelewa na redio. Baba alikuwa askari polisi wa mawasiliano, na chumba chake cha redio kilikuwa mwisho wa kambi, pale Mbale, ukuta mmoja na stoo ya unga. Nikitoka shule nilipita jikoni kwa mama, nikachukua muhogo wangu wa kuchemsha, nikaenda kukaa juu ya sanduku la betri huku miguu ikining'inia, nikimsikiliza baba akizungumza na Soroti, Tororo na Kapchorwa.

Nyumbani baba hakuwa mtu wa maneno. Aliweza kula, kunawa, kuvaa viatu na kuondoka bila kutuachia hata sentensi moja, na mama alikwisha kuzoea kumsoma nyusi. Lakini mbele ya ile redio aligeuka mtu mwingine. Sauti ilinyooka. Alisema kipande kifupi, akaachia kitufe, akangoja. Mwisho wa kila kipande alisema "ova", yaani mimi nimemaliza, sasa ni zamu yako, nakungoja. Aliye upande wa pili alilazimika kurudia alichosikia, neno kwa neno, kabla ya kuongeza lake, ili wote wawili wajue hakuna kilichopotea njiani. Na mambo yakiisha kabisa mmoja wao alisema "aut", vituo vikanyamaza.

Siku ambazo kazi ilikuwa chache alinipa kipaza sauti kibovu, yeye akasimama mlangoni, tukacheza.

"Kituo Kidogo, Kituo Kidogo, hapa Kituo Kikubwa. Unanipata? Ova."

"Nakupata, Kituo Kikubwa. Ova."

"Mwambie mama leo mimi sitaki maharage. Ova."

"Nimepokea: hutaki maharage. Utakula tu. Ova."

Baba alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Kambini sote tuliongea Kiswahili, kwa sababu jirani wa kulia alikuwa Mteso, wa kushoto Mwacholi, na sisi Wanubi. Huko mjini wapo waliokisikia Kiswahili wakakumbuka bunduki na enzi za wanajeshi. Mimi nikikisikia nakumbuka muhogo.

Leo mimi ni fundi wa simu mjini Jinja. Nina meza ya kioo mbele ya duka la vitambaa, nina taa yangu na kiti cha wateja chenye miguu mitatu na nusu. Na kwa kuwa naishi nazo mchana kutwa, nina haki ya kusema: simu za siku hizi hazina shukrani hata kidogo. Unaibadilishia kioo, unaifuta, unaipangusa masikio, kesho inakurudia ikijibonyeza yenyewe kama iliyopagawa. Kuna moja ilikuwa haipokei chaji mpaka uilaze kifudifudi. Nyingine ilipiga picha vizuri lakini kila picha ikaipeleka kwa mama mkwe wa mwenyewe. Mimi huzigombeza kwa sauti. Wenye maduka jirani wanasema wakinisikia asubuhi nikiuliza "wewe mjinga, kwani nimekukosea nini?" wanajua biashara imefunguliwa.

Lakini mashine iliyonitesa kuliko zote haikuwa simu. Ilikuwa mashine ya gemu, ya bwana mmoja wa Walukuba aliyekuwa na chumba cha kuchezea mpira wa kwenye televisheni. Ilikuwa inazima ghafla, na kila mara wakati wa kupiga penalti, watu wazima wakabaki wameshika vichwa. Nilipoifungua mara ya kwanza nilikuta feni imejaa wadudu wa ziwani, wale wadogo wanaopanda kutoka majini kwa mawingu na kufuata taa. Walikuwa wameshikamana wakawa kitu kimoja kizima, ungeweza kukikata kwa kisu. Nikasafisha, nikatia kitambaa cha chandarua kwenye matundu, nikampa mwenyewe huku nimejaa sifa. Baada ya wiki moja akarudi.

"Fundi, imezima tena."

Alirudi mara nne. Mara ya nne nilimwambia, kwa sauti ambayo hata muuza vitambaa aliisikia, kwamba akiileta tena atanikuta nimehama. Mara ya tano alikuja mikono mitupu.

"Gemu iko wapi?"

"Iko nyumbani. Inafanya kazi."

"Sasa umeleta nini hapa?"

"Nimejileta," akasema, akakaa kwenye kile kiti kibovu bila kuanguka. Nilipenda namna alivyokaa. Nasema wazi, nilimpenda siku hiyo hiyo.

Wakati huo mama alikuwa ameshafariki, na baba amestaafu, anaishi peke yake kwenye nyumba ndogo chini ya mlima Wanale. Kwa mazungumzo alibaki na saa ya ukutani na jirani yake, askari magereza mstaafu, Mteso wa kwaya ya kanisa, ambaye yeye na baba huitana "afande" hata wakiombana chumvi. Nikaona aibu, fundi mzima wa simu, baba yangu ana kisimu cha tochi. Nikamnunulia simu kubwa ya kisasa, nikapanda gari hadi Mbale kumfundisha.

Kusajili laini kulidai alama za vidole, na vidole vyake havikusomeka, kwa kuwa miaka ya vitufe imevifanya laini kama kijiko. Tukajaribu uso. Huduma ya mtandaoni ya kusajili laini ilimtaka aweke uso ndani ya duara, kisha aelekee kulia, kisha kushoto. Baba akasimama mguu sawa, akakodoa macho mbele, hakutikisika. Dakika zikaenda. Simu ikasema imeshindwa, ianzwe upya. Ikashindwa tena.

"Baba, geuza uso."

"Nani ametoa amri? Hii kitu imeandika tu. Mimi sijasikia amri."

Jirani, aliyekuwa dirishani akila karanga, akaweka karanga chini. "Afande! Kulia... geuka!" Baba akageuka kwa mshindo. "Kushoto... geuka!" Simu ikalia kwa furaha, usajili umekubaliwa.

Neno la siri nalo likawa kesi. Nilimwandikia kwenye karatasi, nikamsisitiza ni la siri, asimpe mtu, kisha nikarudi Jinja. Siku mbili baadaye simu ikajifunga, ikamdai neno la siri. Nikamwambia asome ile karatasi.

"Karatasi nilichoma."

"Ulichoma kwa nini?"

"Wewe ulisema ni ya siri. Namba ya siri unasoma, unaweka kichwani, unachoma. Ndivyo tulifundishwa."

"Na kichwani ipo?"

"Ilikuwepo," akasema.

Nilicheka mpaka machozi, kisha nikapanda gari tena hadi Mbale. Hayo yote nayasema kwa mapenzi. Lakini kuna moja nililolikosea, na nalisema pia.

Baba aliongea kwenye simu ile kama kwenye redio. "Mimi niko salama. Nimepanda vitunguu. Ova." Kisha kimya, anangoja. Mimi nikiwa na wateja wanne mbele yangu na bisibisi mdomoni, kile kimya kiliniudhi. Siku moja, mbele ya watu, nikamkatisha: "Baba, hii si redio! Siku hizi watu wanaongea tu, wote pamoja. Hakuna mambo ya ova!" Wateja wakacheka. Baba akasema, "Sawa."

Tangu siku ile simu zake zikawa fupi. Uko salama, niko salama, sawa. Nikalaumu mtandao. Mlima Wanale kweli unameza mawimbi yote, ukitaka kushika chochote pale kwake inabidi upande juu ya kibanda cha tangi la maji. Nikatafuta laini nyingine, nikabadilisha simu, nikaweka programu mpya. Nilitengeneza kila kitu isipokuwa kile nilichokivunja mwenyewe.

Harusi yetu ilipangwa ifanyike Jinja kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, maana nyumba yake ndiyo nyumba ya ukoo na ua wake unaenea watu. Mahari niliyotaka ni mashine ya hewa ya moto ya kubandulia vipande vya simu. Sheikh aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Nikasema amesikia vizuri.

Siku mbili kabla ya harusi, jirani wa baba akanipigia.

"Afande ameanguka. Hapana ogopa. Ni mguu. Alipanda huko juu ya tangi na simu yako."

"Alikuwa anatafuta nini juu?"

"Anatafuta wewe. Alikuwa na kakaratasi mfukoni, maneno yake ameandika. Mimi nimeuliza anasema nini, yeye amekataa."

Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Daktari akaufunga plasta, akasema safari ni baada ya wiki sita. Hapo nilikaa chini kabisa, kwenye sakafu ya duka la vitambaa, nikalia. Wazee wa upande wa bwana harusi walikwisha fika kutoka Bombo. Mbuzi walikuwa uani wakila majani yao ya mwisho. Na baada ya siku tano Ramadhani ingeingia. Tukiahirisha, tunaahirisha mpaka baada ya Idi, na nani ajue wazee wale watarudi lini. Sheikh akasema jambo lenyewe ni jepesi: baba anaweza kumpa uwakili baba mdogo aniozeshe kwa niaba yake. Ila sharti lake ni moja. Alitaka kuisikia ruhusa hiyo kutoka kinywani mwa baba mwenyewe, kamili, siku ya harusi yenyewe, na mashahidi wawili wanaoijua sauti yake waisikie.

"Nusu ya ruhusa si ruhusa," akasema.

Kwa hiyo harusi yangu ilibaki kwenye sentensi moja ya mtu mmoja aliyelala kitandani chini ya mlima usiopitisha mawimbi. Na mimi, kusema kweli, hata sheikh angeniambia haina haja, ningeitaka sentensi ile.

Asubuhi ya harusi wanaume walijaa sebuleni, wanawake ndani na uani. Kwetu Wanubi bibi harusi hakai na watu. Nilikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, nimejifunika gurbaba, ile nguo yetu iliyodariziwa maua, na kazi yangu ilikuwa kuinamisha kichwa na kutosikika. Kibaya zaidi, shangazi alikuwa ameona hina ya jana haikukolea, akanipaka nyingine, mikono miwili mpaka kwenye viwiko, akaifunga kwenye mifuko ya kavera. Katika nyumba ile nzima fundi wa simu alikuwa mmoja tu, na vidole vyake vilikuwa ndani ya plastiki.

Bwana harusi alileta ile televisheni yake kubwa ya gemu, akaiunganisha na simu ili kila mtu amwone baba. Baba akatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango, wakampigia makofi. Akafungua mdomo aseme, "Mimi..." na picha ikaganda. Mdomo ukabaki wazi. Nilikuwa naona kwa upenyo wa pazia.

"Mzee atafunga mdomo saa ngapi?" sheikh akauliza.

"Ni mtandao, sheikh."

Wakakata, wakapiga tena, safari hii akaganda amefumba macho, na bibi mmoja wa kutoka Bombo akaanza kulia akidhani amekufa. Bwana harusi, masikini, akasema mashine ya gemu ina njia yake ya kuongea kwenye intaneti, tena nzuri. Jirani wa baba angetafutiwa namna kule. Akaiwasha. Ikasema haifanyi lolote mpaka ijisasishe kwanza, na muda uliobaki ni dakika mia moja na tisini.

"Siku zote ulikuwa wapi?" nilimsikia akiiuliza ile mashine. Nilimwelewa sana.

Mtu akatoa wazo baba ajirekodi, atume. Akajirekodi. Kile kiduara cha kutuma kikaanza kuzunguka, kikazunguka, pilau ikaiva, kikazunguka. Halafu simu niliyomnunulia mimi, ya kisasa, ya kamera nne, ikapata moto ikazima. Jirani akatoa kisimu chake cha tochi, akakining'iniza kwenye nondo za dirisha, akapiga simu ya kawaida. Bwana harusi akaiunganisha simu ya upande wetu na spika zake. Sauti ikaja, lakini ikaja mabaki mabaki.

"Mimi ni... ndugu... ruhu..."

"Haloo! Haloo, mzee!"

"...nasema mimi..."

"Haloo! Tunakusikia! Rudia!"

"Nyinyi mna..."

"Haloo! Haloo!"

Wanaume kumi na tano wakipiga kelele kwa pamoja, naye akiongea kule kwa pamoja nao, sauti zikigongana njiani. Wote pamoja, kama nilivyomfundisha. Nikamsikia sheikh akivuta pumzi ndefu na kufunga kitabu chake. Baba mdogo akasema kwa upole, "Basi tungoje baada ya Idi."

"Nyamazeni wote!"

Uani hata sufuria zikanyamaza. Sauti ile ilikuwa yangu. Shangazi akanishika bega, "Wewe! Bibi harusi hapigi kelele!"

"Shangazi, kwanza mimi ni fundi. Nileteeni hiyo simu."

Kukawa na mnong'ono sebuleni, kisha mkono wa bwana harusi ukapenya kwenye pazia ukiwa umeshika simu, yeye mwenyewe kageuza uso upande wa pili asije akaniona kabla ya wakati. Nikausogelea na gurbaba yangu na mifuko yangu ya kavera, nikavuta sauti kutoka kule kwenye sanduku la betri.

"Kituo Kikubwa, Kituo Kikubwa, hapa Kituo Kidogo. Unanipata? Ova."

Mtu sebuleni akaanza "ha..." wakamziba mdomo. Nikangoja. Kule kungoja ndiko kulikoniudhi mbele ya wateja, sasa nilikuwa nakung'ang'ania kwa meno.

"Kituo Kidogo," ikaja sauti, imenyooka, kila herufi mahali pake. "Nakupata. Lakini wewe ulikataza ova. Ova."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mimi uso uliniwaka.

"Nimepokea: nilikataza ova. Nilikosa, Baba. Nisamehe. Nimeirudisha. Ova."

"Roja," akasema, yaani amepokea. Nikamsikia akikohoa, akikaa sawa kitandani. "Jirani, inua hii mto yangu. Kituo Kidogo, endelea. Ova."

"Sheikh na mashahidi wanasikia. Toa ruhusa yako, kipande kwa kipande. Ova."

"Mimi ni baba ya huyu binti. Ova."

"Nimepokea: wewe ni baba ya huyu binti. Ova."

Sheikh akawauliza mashahidi kama wanaijua sauti hiyo. Mmoja wao, mzee aliyewahi kuwa dereva wa kambi, akajibu, "Hii sauti ilinipa amri miaka tisa. Hata sasa nataka kusimama."

"Nampa mdogo yangu ruhusa. Ova."

"Nimepokea: unampa mdogo wako ruhusa. Ova."

"Yeye aozeshe binti yangu. Ova."

"Nimepokea: amwozeshe binti yako. Ova."

Halafu mlima ukatumeza. Mkwaruzo mrefu, na ndani yake neno moja tu, "kwa". Dakika chache nyuma, hapo ndipo wale kumi na tano wangeanza haloo zao. Sasa hakuna aliyepumua.

"Kipande cha mwisho sikukipata. Rudia. Ova."

"Kwa mwenye gemu. Ova."

Wakacheka tena, na ule mkono kwenye pazia ukacheka wenyewe, simu ikachezacheza. Sheikh akasema jina halitoshi hivyo. Baba akataja jina la bwana harusi, la baba yake na la babu yake, jina kwa jina, ova kwa ova, na mimi nikayarudia yote. Akataja mahari, "ile mashine ya moto", akasema ameridhika. Ndipo sheikh akasogea karibu na pazia, akauliza mwenyewe:

"Mzee, hakuna mtu amekulazimisha?"

Sheikh akangoja. Baba akangoja. Tukatazamana mle ndani, wanawake wote mikono vinywani, mpaka sebule ikanong'ona kwa pamoja, "Sheikh, sema ova!"

"Ova," sheikh akasema, kwa heshima zote.

"Hapana. Kazi yangu ilikuwa kulazimisha wengine. Ova."

Sheikh akacheka, akafungua kitabu chake. Wakati baba mdogo na bwana harusi wameshikana mikono na maneno ya ndoa yakisomwa, jirani wa baba kule Mbale alikuwa ameacha simu dirishani, na mtu wa kwaya yule, Mkristo wa kuzaliwa, alikuwa akiitikia amina kabla ya kila mtu. Vigelegele vikapasuka. Shangazi alipiga vyake karibu na sikio langu, sikulisikia vizuri siku tatu. Nilikuwa mke wa mtu, na nilikuwa na furaha ya kuruka, ila sikuwa na ruhusa ya kuruka wala mikono ya kupiga makofi.

Katikati ya makelele sauti ya jirani ikatokea kwenye spika. "Afande anasema ujumbe haujaisha. Ova."

Nikaomba simu irudi kwenye pazia. Mkono ule ule ukapenya.

"Kituo Kidogo," baba akasema. Nilisikia karatasi ikifunguliwa. Sijui kwa nini hiyo hakuichoma. "Nimekuruhusu kwenda. Ova."

"Nimepokea: umeniruhusu kwenda. Ova."

"Kunyamaza sijakuruhusu. Ova."

Hayo ndiyo maneno aliyopanda nayo juu ya tangi. Machozi yalikuwa yananishuka na siwezi kuyafuta kwa mikono ya kavera, shangazi akawa ananifuta kwa pindo la nguo yake. Baba hakuita haloo. Hakuuliza kama nimekatika. Alikuwa amesema ova, basi alikuwa ananingoja, angeningoja mpaka jioni.

"Nimepokea," nikasema. "Kunyamaza hujaniruhusu. Na wewe pia, Kituo Kikubwa, sijakuruhusu. Ova."

"Roja," akasema, na mlima ukaikata simu.

Mguu wake umepona, ingawa anachechemea na anapenda watu wamuulize kwa nini. Ile simu ya kisasa ameifanya kioo cha kunyolea. Mume wangu bado anaokota wadudu wa ziwani kwenye feni ya gemu, na mashine yangu ya hewa ya moto haijanisaliti hata mara moja, mashallah, nisije nikaitia kijicho. Kila Ijumaa baada ya swala baba anachukua kisimu cha tochi cha jirani, nami naweka bisibisi chini hata wateja wawe kumi. Anakuja na vitunguu vyake, na habari za kwaya ambayo yeye haimbi, na mambo ya mama ambayo sikuwahi kuyasikia nilipokuwa mtoto, kipande kwa kipande. Mwisho wa kila kipande anasema ova. Lile neno jingine, la kufunga, hajalitamka kwangu hata siku moja, wala mimi kwake. Simu zetu hukatwa na mtandao, au na chaji, lakini si na sisi.